Kupanda Rwenzori: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kilele cha Margherita

Rwenzori ni mlima mmoja au safu ya milima?

Ni safu. Ina milima sita mikubwa: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia, na kila mmoja una vilele vyake. Kilele kirefu kuliko vyote ni Margherita, mita 5,109, juu ya mlima Stanley. Alexandra uko jirani yake, mita 5,091. Barani Afrika ni Kilimanjaro (5,895) na Mlima Kenya (5,199) tu inayoizidi, na ni milima hiyo mitatu tu ambayo bado ina barafu ya kudumu.

Watu wengi husema “napanda Rwenzori” wakimaanisha Margherita. Ni vizuri kumweleza mwongozaji waziwazi unataka kilele kipi, kwa sababu idadi ya siku, vifaa na malipo hutofautiana sana.

Je, hii ni volkano kama Kilimanjaro?

Hapana. Rwenzori ni bonge la miamba ya kale lililoinuliwa na nguvu za Bonde la Ufa, tawi la magharibi. Ndiyo maana haina umbo la pia wala kreta. Ina mabonde membamba, kuta za mawe na maziwa yaliyochimbwa na barafu za zamani. Kwa mpandaji maana yake ni hii: haupandi mteremko mmoja mpaka juu. Unapanda kipito (pengo la kupitia kati ya milima), unashuka bondeni, unapanda tena. Ukijumlisha, utakuwa umepanda mita nyingi kuliko tofauti ya urefu kati ya langoni na kileleni.

Mpaka wa Uganda na Kongo unapita wapi hasa?

Unapita juu ya Margherita penyewe. Makubaliano ya mwaka 1910 kati ya Uingereza na Ubelgiji yalikitumia kilele hicho kama alama ya mpaka, na kutoka hapo mstari unaelekea mto Lamia upande wa kaskazini na mto Lubilia upande wa kusini. Mashariki ni Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1991 na kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1994. Magharibi ni Hifadhi ya Virunga ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyoanzishwa mwaka 1925.

Mpaka umegawa nchi lakini haukugawa maji. Mito ya upande wa Uganda, kama Mubuku na Nyamwamba, huenda ziwa George, hupita mfereji wa Kazinga hadi ziwa Edward, kisha hutoka kwa mto Semliki. Mito ya upande wa Kongo, kama Butawu, huingia Semliki moja kwa moja. Yote huishia ziwa Albert na hatimaye mto Nile.

Nikisimama kileleni nitakuwa nimevuka mpaka? Nahitaji viza ya Kongo?

Kwa kupanda kutoka Uganda na kurudi Uganda huhitaji viza ya Kongo. Lakini huko juu hakuna ofisi ya uhamiaji, kwa hiyo kuteremka upande wa pili ni kuingia nchi kinyume cha sheria, hata kama unayo viza mfukoni. Kituo rasmi cha karibu ni Mpondwe upande wa Uganda na Kasindi upande wa Kongo, kule chini kwenye mto Lubilia. Usikubali mpango wowote wa “kupanda huku na kushukia kule” usiopitia kwa mamlaka za nchi zote mbili.

Je, inawezekana kupanda kutoka upande wa Kongo?

Njia ipo, na ni nzuri mno. Inaanzia Mutsora karibu na Mutwanga, inapita vibanda vya Kalonge, Mahangu na Kiondo, kisha inaelekea barafuni. Ni fupi na kali kuliko za Uganda, na kuta za magharibi za mlima Stanley huonekana zikiwa zimesimama wima mbele yako.

Tatizo ni usalama. Eneo la Beni na miteremko ya Rwenzori upande huo limeshambuliwa mara nyingi na waasi wa ADF. Upande wa Uganda nao hifadhi iliwahi kufungwa mwaka 1997 kwa sababu ya waasi haohao, ikafunguliwa tena mwaka 2001. Kwa hali ilivyo, hatushauri upande wa Kongo. Mambo yakitulia, wa kuulizwa ni uongozi wa Virunga wenyewe. Mtu wa barabarani anayeahidi kukupitisha hana mamlaka hayo.

Njia za Uganda ni zipi, na zinatofautianaje?

Kuna mbili kuu, na zote zinaanzia wilaya ya Kasese.

Ya kwanza ni Mzunguko wa Kati, kutokea Nyakalengija (karibu mita 1,650). Ndiyo njia ya siku nyingi, na kwa kawaida huchukua siku saba hadi nane. Siku ya kwanza unapita msituni hadi kibanda cha Nyabitaba, mita 2,651. Ya pili unavuka daraja penye makutano ya mito Mubuku na Bujuku, unapita mianzi, unaingia kwenye miti ya erika iliyovikwa ndevu za kuvu, na unalala John Matte, kidogo juu ya mita 3,400. Ya tatu ni vinamasi vya Bigo, cha chini na cha juu, hadi Bujuku, mita 3,962. Ya nne unapanda kuelekea kipito cha Scott Elliot (4,372) na kulala Elena, mita 4,541, juu ya mwamba mtupu. Ya tano ni kilele, kisha kushuka hadi maziwa ya Kitandara. Ya sita ni kipito cha Freshfield (4,282) na kushuka Guy Yeoman. Ya saba unarudi Nyabitaba na langoni.

Ya pili ni njia ya Kilembe, inayoanzia mji wa zamani wa machimbo ya shaba. Ni ndefu zaidi. Inapitia Sine, Kalalama, Mutinda na Bugata (4,062), inavuka kipito cha Bamwanjara (4,450), inashuka kambi ya Hunwick's (3,974), halafu inapanda kambi ya Margherita, karibu mita 4,485. Ukitaka kilele na kurudi, hesabu siku nane au zaidi.

Ipi bora? Kwa mtu asiyewahi kufika mita 4,000, tunapendelea Kilembe, na sababu ni moja: unavuka Bamwanjara juu kisha unashuka kulala chini yake karibu mita 500, hivyo mwili unazoea kabla ya siku ya kilele. Kwenye Mzunguko wa Kati kila usiku unalala juu zaidi ya jana mpaka Elena. Ukiichagua njia hiyo, lipia siku moja ya ziada Bujuku. Siku hiyo haipotei bure, kwa sababu unaweza kuitumia kupanda hadi kipito cha Stuhlmann na kurudi.

Ninaweza kwenda peke yangu bila mwongozaji?

Hapana. Kanuni za hifadhi zinataka mwongozaji, na hata zisingetaka, ukungu ukishuka Bigo au barafuni hutaona hatua ishirini mbele.

Msimu gani ni mzuri?

Kati ya katikati ya Desemba na mwisho wa Februari, halafu Juni hadi mapema Agosti. Mvua kubwa ni Machi hadi Mei na kuanzia mwisho wa Agosti hadi Novemba.

Lakini tusidanganyane: Rwenzori haina msimu mkavu. Ina msimu wa mvua na msimu wa mvua pungufu. Hata Januari utanyeshewa. Tofauti ni kwamba Januari unaweza kupata asubuhi mbili au tatu za anga safi, na asubuhi moja inatosha kwa kilele. Ukifunga mizigo kwa kuamini “ni kiangazi”, utateseka.

Kwa nini kila mtu anasisitiza gambuti? Buti zangu za milimani haziingizi maji.

Hili ndilo jambo linaloharibu safari nyingi kuliko urefu wa mlima, kwa hiyo tulieleze kwa kirefu.

Katika vinamasi vya Bigo ardhi si tope la kawaida. Ni mashina ya majani ya kareksi yaliyosimama kama viti vidogo, na katikati yake kuna maji meusi yenye kina cha goti au zaidi. Unaruka kutoka shina hadi shina. Shina likiyumba, mguu unazama. Sehemu nyingi zimewekewa njia za mbao, lakini mbao huoza, huteleza, na nyingine hukosekana kabisa. Buti isiyoingiza maji inazuia maji ya nje mpaka yapite juu ya kifundo. Yakishaingia ndani, hiyohiyo inayazuia yasitoke. Inalowa siku ya pili, na hakuna jua wala moto wa kuikausha. Siku ya nne iko Elena, inaganda usiku, na alfajiri unaingiza mguu kwenye barafu. Mtu aliyeanza siku ya kilele na miguu iliyokufa ganzi huwa hamalizi.

Suluhisho ni rahisi na la bei nafuu:

- Vaa gambuti kutoka kwenye msitu wa mianzi hadi kambi ya mwisho kabla ya barafu. Chagua za shingo ndefu, zinazokaribia goti, zenye soli ya meno makubwa.
- Chukua saizi moja zaidi ya kawaida yako, maana utavaa soksi mbili: nyembamba ndani, nene ya sufi nje. Gambuti inayobana huzuia damu na miguu hupoa.
- Kabla ya safari zitembelee angalau saa mbili kwenye mteremko. Pa kuangalia ni nyuma ya kisigino na pale mpira unapojikunja mbele ya kifundo. Pakichubuka nyumbani, patakuwa kidonda siku ya tatu. Weka plasta kabla ya malengelenge kutokea.
- Buti za barafu zikae kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, katikati ya mzigo, na zitoke mara ya kwanza kambi ya mwisho.
- Tenga jozi mbili za soksi za kulalia tu. Hizo haziguswi mchana hata iweje.

Kila jioni pindua gambuti juu chini. Ukiziacha zimesimama nje, utazikuta zimejaa maji.

Vitu vingine nivikinge vipi na maji?

Usitegemee kifuniko cha mvua cha begi, kwa sababu maji huingilia upande wa mgongo. Weka mfuko mnene wa plastiki ndani ya begi, halafu gawanya vitu kwenye mifuko midogo: nguo za kulalia, begi la kulalia, dawa na karatasi, chakula cha njiani. Begi la kulalia liwe la nyuzi za kutengenezwa na lenye uwezo wa baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri. La manyoya ya ndege ni jepesi na zuri mahali pakavu, lakini likilowa hapa hujikusanya mabonge na haliwezi kurudi hali yake mpaka ushuke mjini.

Jinzi ziache nyumbani.

Vifaa vya barafu ni vipi, na nivipate wapi?

Utahitaji kramponi (meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti), shoka la barafu, mkanda wa kupandia wa kiunoni, karabina (pete za chuma zinazofunguka) mbili za kujifunga, kofia ngumu, miwani ya jua iliyofunika pembeni, na tochi ya kichwani yenye betri za akiba. Kamba ni kazi ya mwongozaji. Waendesha safari wa Kasese hukodisha karibu vyote.

Kosa la kawaida ni kukodi kramponi na kuzipokea zikiwa kwenye mfuko, kisha kuzifungua kwa mara ya kwanza saa nane usiku kwa tochi. Zijaribu langoni juu ya buti utakazozivaa. Ukishafunga, nyanyua mguu na upige teke hewani mara kadhaa. Kramponi isicheze mbele wala nyuma, na mikanda yake isiwe imepasuka. Buti laini ya kutembelea haifai kwa kila aina ya kramponi. Soli ikipinda, kramponi huchomoka, na huchomoka pale pale penye mteremko. Hakikisha pia kofia ngumu inaingia juu ya kofia ya sufi.

Betri zihifadhi mfukoni karibu na mwili usiku wa mwisho, kwa sababu baridi huzinyonya.

Siku ya kilele inakwendaje?

Huamshwa saa saba usiku, huondoka saa nane. Kutoka Elena unaanza na mabamba ya mwamba yanayoteleza, mara nyingi yana ganda jembamba la barafu lisiloonekana. Baada ya karibu saa moja unafunga kramponi na kuingia barafu ya Uwanda wa Stanley. Hapo pako tambarare kiasi, na mnatembea mmefungwa kamba moja, nafasi ya mita kadhaa kati ya mtu na mtu. Kamba isilale chini wala isivutwe.

Kisha inakuja sehemu inayowashangaza wengi: mnashuka. Mnateremka mwambani hadi chini ya barafu ya Margherita, na ndipo mnaanza kuipanda. Hapa mteremko ni mkali na nyufa zipo. Juu ya barafu kuna hatua za mwisho za mwamba, zenye kamba zilizofungwa. Jifunge karabina kabla ya kushika, na usimfuate mtu kwenye kamba ileile mpaka amepita kifungo kinachofuata. Wanaotoka kambi ya Margherita huungana na wa Elena kabla ya barafu hiyo.

Ukienda vizuri utafika alfajiri au muda mfupi baada ya jua kuchomoza. Kwenda na kurudi kambini ni saa kumi hadi kumi na mbili, na bado siku hiyohiyo huwa mnashuka kambi nyingine ya chini. Watu huweka nguvu zote kwenye kupanda. Weka akiba ya kushuka, maana mabamba yale ya alfajiri utayapita tena ukiwa umechoka na yamelowa.

Mkubaliane saa ya kugeuka kabla ya kulala. Saa nne asubuhi ni mwisho wa busara, hata kama kilele kinaonekana. Baada ya hapo mawingu hupanda kutoka mabondeni pande zote mbili za mpaka, theluji hulainika, na mawe yaliyoshikwa na barafu ya usiku huanza kuachia.

Nimesikia njia ya barafuni inabadilika. Ni kweli?

Ni kweli, na hubadilika ndani ya mwaka mmoja. Barafu inaponywea, inajitenga na mwamba na kuacha pengo. Mahali ulipokuwa unakanyaga barafu na kuvukia mwambani panakuwa ukuta wa mita kadhaa. Kamba iliyofungwa usawa wa kifua inaning'inia juu ya kichwa. Ndiyo maana maelezo ya miaka mitano iliyopita, au ramani ya zamani inayoonyesha barafu pana, hayatoshi.

Swali la kumwuliza mwongozaji kabla ya kulipa ni hili: “Mara ya mwisho ulifika Margherita lini, na ulivukia wapi kutoka barafuni hadi mwambani?” Aliyefika juzi atakujibu kwa undani. Anayejibu “hakuna shida” tu, endelea kutafuta.

Barafu iliyobaki ni kiasi gani?

Mwaka 1906 safu nzima ilikuwa na takriban kilomita za mraba 7 za barafu. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba. Tangu hapo imeendelea kukatika vipande. Baker na Speke zimebaki na mabaki ya barafu yasiyotembea tena, na sehemu kubwa ya iliyobaki iko Stanley. Mwaka 2022 UNESCO ilitoa tathmini kwamba barafu zilizomo kwenye maeneo ya Urithi wa Dunia barani Afrika huenda zikatoweka ifikapo mwaka 2050.

Hili linatuuma. Barafu hii iko chini ya kilomita 50 kutoka mstari wa ikweta, na watoto wanaozaliwa sasa Kasese na Beni huenda wasiione wakiwa watu wazima. Kama una nia ya kuiona, usiahirishe miaka kumi.

Barafu ikiisha, mito itakauka?

Hapana, na inafaa kulisema wazi kwa sababu hofu hiyo imeenea. Vipimo vya mto Mubuku vimeonyesha kwamba maji ya barafu ni chini ya asilimia 2 ya maji yanayofika chini ya mlima. Mito inalishwa na mvua, na vinamasi na misitu ndivyo vinavyoyashika maji na kuyaachia polepole. Kwa hiyo anayetaka kuokoa maji ya Kasese aanzie kwenye misitu na kingo za mito. Mafuriko ya mto Nyamwamba ya mwaka 2013 na ya mwaka 2020, yaliyoharibu sana Kilembe, yalionyesha hatari iko zaidi kwenye maji mengi yanayoshuka kwa ghafla.

Ugonjwa wa mwinuko nitaujuaje?

Juu ya Margherita kila pumzi ina oksijeni kidogo zaidi ya nusu ya ile ya pwani. Kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi wa mang'amung'amu ni dalili za mwanzo. Zikija, usipande zaidi siku hiyo. Kunywa maji, pumzika, na mwambie mwongozaji. Kunyamaza ili usionekane dhaifu ndiko kunakoua.

Dalili za kushuka mara moja, hata usiku, ni hizi: kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, kikohozi chenye povu, au kuhema ukiwa umelala. Mpime mwenzako kwa kumwambia atembee kisigino kwa kidole kwenye mstari. Akishindwa, ubongo wake umeathirika. Kushuka mita 500 hadi 1,000 ndiyo tiba, na dawa ni nyongeza tu.

Dawa ya asetazolamidi hutumiwa kama kinga, kwa kawaida miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla. Husababisha vidole kuwasha na kukojoa mara kwa mara. Wenye mzio wa dawa za salfa wasiitumie mpaka wamwone daktari.

Ugumu wa Rwenzori ni kwamba kushuka haraka si rahisi. Kutoka Bujuku huwezi kuteremka bila kuvuka vinamasi, na kutoka Kitandara lazima upande kipito kwanza. Kwa hiyo uamuzi wa kugeuka ufanywe mapema.

Mtu akivunjika mguu, nini hufanyika?

Hubebwa kwa machela na wapagazi, na inaweza kuchukua siku mbili au tatu kufika barabarani. Helikopta hutegemea anga, na anga hapa huziba kwa saa nyingi za mchana. Bima yako iseme waziwazi kwamba inahusu kupanda kwa kamba na urefu unaozidi mita 5,000. Bima nyingi za safari huishia mita 4,000 au chini ya hapo.

Maji ya kunywa na chakula?

Maji yako kila mahali, lakini mengi yana rangi ya chai kwa sababu ya mboji. Mboji huziba chujio haraka, basi chuja kwanza kwa kitambaa. Kuchemsha kunafaa: karibu na Elena maji huchemka kwenye nyuzi 85 hivi, na hiyo inatosha kuua vijidudu. Haitoshi kuivisha maharage. Mpishi mzuri hupika maharage chini na kuyabeba, au hutumia dengu, viazi, ugali na tambi.

Gharama zinahesabiwaje?

Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa siku, na viwango ni tofauti kwa wageni, wageni wakaazi na raia wa Afrika Mashariki, ambao hulipa kidogo kwa shilingi za Uganda. Beba kitambulisho cha taifa au pasipoti halisi, maana picha ya simuni huweza kukataliwa na ukalipa kiwango cha mgeni. Juu ya hapo kuna mwongozaji, wapagazi, mpishi, vibanda na kukodi vifaa. Omba bei iandikwe kipengele kwa kipengele, na uulize kama chakula cha wapagazi kimo.

Wapagazi tuwatendee vipi?

Wengi ni Wakonzo, watu wa milima hii, ndugu wa Wanande walioko upande wa Kongo. Mizigo ipimwe langoni mbele yako. Kabla ya kupanda kambi ya mwisho, angalia kama kila mmoja ana nguo ya mvua, gambuti na blanketi. Bakshishi toa mkononi kwa kila mtu, siku ya mwisho, mbele ya wote.

Kwa Wakonzo, theluji ni makao ya Kitasamba, mungu wa milima hii. Ukiombwa usipige kelele au usitupe taka mahali fulani, tii. Usikate lobelia wala senesio kubwa hata kama zimekauka: huota polepole mno.

Nani alifika kileleni kwanza?

Msafara wa Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Italia mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, tarehe 18 Juni 1906, akiwa na waongozaji wa Alpi na mizigo iliyobebwa na wenyeji. Aliviita vilele viwili vikuu kwa majina ya malkia wa Italia na wa Uingereza.

Sina nia ya kufika barafuni. Kuna safari fupi?

Zipo. Kutoka Nyakalengija kuna mzunguko wa ziwa Mahoma wa siku mbili hadi tatu, unaopita msitu, mianzi na mwanzo wa erika. Kutoka Kilembe unaweza kupanda hadi mwamba wa Mutinda, mita 3,975, kwa siku nne hivi. Huko hutahitaji kramponi wala kamba, na njiani kuna kinyonga wa pembe tatu, shorobo wa Rwenzori, na usiku sauti ya pimbi. Gambuti utazihitaji vilevile.